Shavu la Fundi na Tinti ya Thelathini na Tano

Kwa heshima na taadhima natangaza kwa wasomaji wote kwamba nimeteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Tinti katika duka la shangazi yangu. Uteuzi huu umeanza kazi mara moja. Umefanywa na mimi mwenyewe, nikiwa chooni, kwa kuwa ndiko nilikotumwa kupiga deki.

Kwa wale waliofutia vioo gazeti la wiki iliyopita, nitawakumbusha kwa ufupi.

Nimesimamishwa shule wiki sita kwa sababu ya kengele ya chakula iliyolia katikati ya mtihani. Baba hakunipiga. Alifanya jambo baya zaidi: alinipeleka kwa dada yake. Shangazi anabandika tinti kwenye vioo vya magari na majengo, na tangu nifike hajaniruhusu kukaa chini isipokuwa wakati wa kula, na hata hapo hukikodolea macho kiti changu.

Humo dukani nilimkuta Fundi Shavu. Ana miaka kumi na moja katika kazi hiyo na anaamini kwamba shavu lake la kushoto linapima joto kuliko mashine. Tuna sanduku lenye taa kali mbele na kioo katikati. Unaweka kipande cha tinti kwenye kioo, unawasha taa, mteja anaweka mkono nyuma yake na kusikia joto linalopita. Fundi haweki mkono. Anaweka shavu, anafumba macho, kisha anatangaza, "Hii seramiki," au "Hii ya rangi tu." Hakosei. Jambo hilo liliniudhi sana.

Tuna majora mawili ya tinti yanayofanana kama mapacha. Yote ni ya thelathini na tano, maana yake kati ya sehemu mia za mwanga unaogonga kioo, thelathini na tano ndizo zinazopita. Ukiyatazama kwa macho, giza lao ni moja. Ukiyapima kwa mita yetu, ambayo inapima mwanga tu, yote yanasoma thelathini na tano. Lakini la seramiki linakataa asilimia sitini na mbili ya nguvu yote ya jua, na la rangi linakataa thelathini na nane. Tofauti hiyo haionekani. Imeandikwa kwenye stika iliyo juu ya kizibo cha plastiki, mwisho wa kila jora.

Nami nikachomoa vile vizibo nikavibadilisha.

Nilitaka shavu likosee mara moja tu, nicheke, nivirudishe. Badala yake iliingia oda ya kubandika vioo kumi na viwili vya chumba cha wagonjwa katika shule moja ya bweni. Fundi akaweka shavu akasema, "Mama, hii siyo seramiki." Shangazi akasoma stika, akapiga mita, akasema, "Stika inasema, mita inasema. Bandika." Fundi akarudia, Shangazi akarudia. Fundi akabandika.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na sababu moja tu ya kisheria: niliogopa.

Na shule yenyewe ni ipi? Ni hiyo hiyo iliyonisimamisha.

Basi Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, mlango wa duka ukafunguliwa, akaingia Matroni wa shule yetu.

Kama hujawahi kulazwa naye, mshukuru Mungu. Matroni hupima joto la kila kitu: la mgonjwa, la maji ya kuoga, la uji, na la friji ya dawa. Huandika kwenye daftari jeusi kwa kalamu mbili, nyeusi kwa la kawaida na nyekundu kwa lisilompendeza.

Aliponiona alisimama.

"Kitanda Saba," akasema.

Hilo ndilo jina langu kwake. Nimelala kitanda cha saba mara nyingi, kwa magonjwa ambayo sayansi bado inayatafuta.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi, Matroni."

Alinitazama kama ulimi wenye utando. "Sasa naanza kuelewa," akasema, akanipita.

Anaanza kuelewa nini? Nani kamwambia? Nilishika kitambaa nikafuta kioo ambacho nilikuwa nimekifuta dakika tano kabla, ili nisikie.

Alilifungua daftari juu ya meza ya Shangazi.

"Saa nane mchana, pembeni ya kitanda cha nne, siku saba kabla hamjabandika: thelathini na nne. Siku saba baada ya kubandika: thelathini na tatu. Mama, mmeniuzia digrii moja."

"Haiwezekani," akasema Shangazi.

"Wingu hakuna. Madirisha yamefungwa vile vile. Kipimajoto ni kile kile. Hapa kwenye karatasi yenu mmeandika kwamba mionzi ya joto isiyoonekana inazuiwa asilimia tisini na tano. Tisini na tano! Mimi nilitegemea wanangu walale kama wako chini ya kisima."

"Hiyo namba usiishike peke yake," akasema Shangazi. Kwenye namba huwa anatulia, hata akitukanwa. "Hiyo ni kipande kimoja cha jua. Jua lina mwanga unaouona, lina ile mionzi inayochubua ngozi na kufifisha mapazia, na lina hiyo ya joto. Tinti inaweza kukata kipande kimoja vizuri ikaachia vingine. Wewe tazama namba iliyoandikwa chini kabisa: jumla ya nguvu ya jua inayokataliwa. Hiyo ndiyo namba isiyojipodoa. Kwako ni sitini na mbili."

"Na hiyo sitini na mbili inatoa digrii moja?"

Shangazi aliangalia daftari, akaangalia karatasi ya oda. Halafu akainua sauti, "Fundi!"

Fundi Shavu alitoka nyuma akijifuta maji ya sabuni mikononi.

"Nilikuambia, mama," akasema alipoelezwa. Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa sahihi. "Shavu lilikataa siku ile. Nikasema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili. Huyo msambazaji anayetuuzia tinti katutia stika za uongo. Jora lote ni la rangi."

"Shavu?" akauliza Matroni.

"Analo shavu," akasema Shangazi kwa aibu kidogo.

"Kipimo chake ni digrii au ni nini?"

"Ni shavu tu, Matroni," nikasema mimi, nikitaka kusaidia.

"Sikukuuliza wewe, Kitanda Saba."

Shangazi alimpigia msambazaji simu palepale na kumwita mwizi kwa maneno ya adabu. Yule bwana, kwa jinsi sauti yake ilivyovuja kwenye simu, alikuwa anaapa kwa wazazi wake wote wawili. Akasema anakuja mwenyewe saa tisa na mashine ya kupima nguvu yote ya jua, wala si mwanga peke yake. Kama jora ni bovu, atalila.

"Saa tisa," Shangazi akamwambia Matroni.

"Nitarudi," akasema Matroni. Alifunga daftari. Akiwa mlangoni aligeuka, akanitazama tena, akatikisa kichwa polepole, akaondoka.

Msomaji, tafakari nami kama watu wazima. Mashine inakuja. Itapimwa tinti iliyo ndani ya jora lenye kizibo cha seramiki. Itaonekana ni ya rangi. Msambazaji atasema, "Na hili la pili?" Watapima la pili, lenye kizibo cha rangi, wakute ni seramiki. Hapo hata mtoto wa chekechea atauliza: nani alibadilisha vizibo? Na katika duka lenye watu watatu, mmoja wao amesimamishwa shule kwa kengele.

Nikaamua kuchukua hatua ya kiungwana. Niliamua kuficha ushahidi.

Saa saba Shangazi alienda kula kwa jirani. Fundi alikuwa nje akibandika kioo cha nyuma cha gari la mwalimu wa udereva. Niliingia stoo, nikachomoa vizibo viwili, nikavirudisha kila kimoja kwa mwenyewe. Sekunde kumi. Sasa seramiki ilikuwa seramiki na ya rangi ilikuwa ya rangi. Mashine ingekuja, ingeafiki kila kitu, msambazaji angeenda zake, na jambo lote lingebaki fumbo la maumbile, kama vile kwa nini soksi hupotea moja moja.

Nilitoka stoo nikipiga mluzi. Nilijiona nina akili sana.

Saa nane na nusu Shangazi akasema, "Lete lile jora la seramiki hapa mezani, huyo bwana akifika asitupotezee muda."

Nikalileta. Alilipokea kwa mikono miwili. Mikono ikashuka kidogo.

"Mbona zito?"

Nikaanza kufuta meza.

Alilipima uzito, akalisimamisha, akalitazama ubavuni. Wasomaji, mimi nilishughulika na vizibo. Unene sikuufikiria hata mara moja. Tinti ya vioo kumi na viwili vikubwa ilikuwa imekatwa kutoka jora moja, na jora hilo lazima liwe limekonda. La seramiki lilikuwa nene kama lilivyotoka kiwandani.

"Hili halijaguswa," akasema Shangazi taratibu. "Nipe la rangi."

Nikampa. Lilikuwa limekonda kama mimi mwisho wa muhula.

Alikaa chini. Sijawahi kumwona Shangazi akikaa chini saa za kazi.

"Kwa hiyo msambazaji hana kosa," akasema, akijisemea. "Siku ile nimesoma stika kwa macho yangu, seramiki. Leo hii seramiki nzima iko stoo. Maana yake alibandua stika akanibandikia kwenye la rangi nione, kazi ikaisha, akazirudisha. Seramiki akaificha nzima, angoje siku ya kuitoa mlango wa nyuma."

"Nani, Shangazi?"

"Wewe unadhani nani? Nani anashika majora humu?"

Mimi pia nashika majora humu. Nilikuwa nimeshika moja wakati huo. Hakuliona.

"Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema siyo seramiki," nikasema. Naomba iandikwe kwamba nilisema hivyo.

"Ndiyo ujanja wenyewe! Alijua siku moja itajulikana. Akasema mapema, shavu limekataa, shavu limekataa, ili ikifumuka awe msafi. Miaka kumi na moja, mwanangu. Miaka kumi na moja naliheshimu hilo shavu."

Hivi ndivyo mtu akishashuku: kila ulichokuwa nacho cha kujitetea kinageuka kuwa ushahidi. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikaliweka mezani jora nililokuwa nimelishika.

Alimpigia msambazaji simu, akamwambia asije, na akamwomba radhi. Kisha akamwita Fundi.

Sitaandika yote waliyosemezana. Shangazi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alimwonyesha majora mawili, nene na jembamba. Fundi aliyatazama kwa muda mrefu.

"Mama, mimi sijabandua stika yoyote."

"Basi zimetembea."

"Labda… labda kuna mtu."

"Mtu nani? Tuko watatu. Mimi nijiibie? Au huyu mtoto ambaye hata kukunja kitambaa hajui?"

Wote wawili wakanitazama. Nilikunja kitambaa vibaya, kwa makusudi, nikithibitisha.

"Hapana," akasema Fundi. "Mtoto hapana."

Afadhali angenipiga kofi.

Alienda nyuma kukusanya vifaa vyake. Shangazi akavuta kiti mbele ya kompyuta, akaanza kupiga barua kwa kidole kimoja. Tak. Tak. Baada ya mstari mmoja akachoka.

"Njoo hapa. Wewe si umesomea bweni? Si ndiwe unayeandika mambo yako magazetini? Niandikie barua ya kumwachisha kazi. Iwe na heshima, lakini iwe kamili, asije akasema hakuelezwa kosa lake. Kwamba alibandua stika, akabandika tinti duni, akaficha nzuri. Na mwisho aweke saini kwamba amekubali. Matroni akija atasaini kama shahidi."

"Mimi, Shangazi?"

"Hapana, yule mwingine aliyesimama nyuma yako."

Nikakaa. Nikaandika. Na hapa lazima nikiri udhaifu wangu mkubwa kuliko wote: nikishika kalamu, siwezi kuandika kitu kibaya. Nilianza kwa kidole kimoja kama Shangazi, lakini kufikia mstari wa tatu sentensi zilikuwa zinakuja zenyewe, zimevaa suti. "Ilhali" ikakaa mahali pake. "Kinyume na maadili ya taaluma" ikajileta bila kuitwa. Niliandika ukurasa mzima bila kufuta neno. Ilikuwa barua nzuri kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika, na ilikuwa inamfukuza mtu asiye na hatia kwa kosa langu.

Nilipomaliza Shangazi aliiprinti bila kuisoma, kwa kuwa alikuwa akifuta macho na hakutaka nimwone.

"Kamwite asaini."

Nilimkuta nyuma, kwenye sanduku la taa. Mfuko wake wa vifaa ulikuwa umefungwa tayari. Taa ilikuwa inawaka, naye amelaza shavu nyuma ya kipande cha seramiki, macho yamefumbwa.

"Fundi."

"Subiri." Akakaa hivyo kidogo. "Hii seramiki."

"Ndiyo."

"Nimekata kipande sasa hivi kwenye lile lile jora la stika ya seramiki. Leo shavu linakubali. Siku ile lilikataa." Alizima taa. "Stika ile ile, msomi. Sasa niambie, shavu lilidanganya siku ile, au linadanganya leo?"

Nikajifanya nakagua swichi ya taa.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza alikuwa anatia chumvi mara mbili, anabisha kwamba hajatia. Halafu akawa anaficha funguo mwenyewe, anasema wameiba. Mwisho akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Fundi, wewe hujafikia huko."

"Utajuaje? Shangazi yako si mtu wa kunisingizia. Na majora yale nimeyaona kwa macho yangu. Kama hakuna mtu mwingine, basi ni mimi, na sikumbuki. Labda nilibadilisha stika mwenyewe. Labda kuna mengine nimefanya." Akacheka kidogo, bila furaha. "Mke wangu Jumapili ameniuliza kwa nini nimenunua sabuni mara mbili. Nikasema ni yeye. Sasa hata hilo sijui."

Nikafungua mdomo. Nawaapia, niliufungua. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Mnafanya nini huko?" Shangazi akaita. "Matroni amefika!"

Neno likarudi lilikotoka.

"Usimwambie shangazi yako haya ya mama," Fundi akasema, akiinuka. "Afadhali anione mwizi. Mwizi bado anapata kazi kwingine."

Tukaenda mbele. Matroni alikuwa amekaa, daftari kwenye mapaja. Shangazi alikuwa ameshamweleza. Matroni alimtazama Fundi bila chuki, kama mtu anayesoma joto na kungoja zebaki isimame.

Barua ilikuwa mezani. Fundi hakuisoma. Alichukua kalamu akatia saini, jina zima, kwa mkono uliotulia kabisa. Kisha akasogeza karatasi kwa Matroni.

"Hapa, mama, palipoandikwa shahidi."

Matroni akavaa miwani.

"Saini tu," akasema Shangazi. "Ni hayo hayo niliyokuambia."

"Mimi siweki saini kwenye chupa ambayo sijasoma lebo," akajibu Matroni, na akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma dawa.

Alisoma "kinyume na maadili ya taaluma" bila hata kutua. Iliniuma kidogo. Kisha akafika aya ya pili.

"'Ilhali mnamo Jumatatu ya wiki iliyopita, majira ya saa tatu na nusu asubuhi, wenzake wakiwa wamekwenda kunywa chai, mtajwa aliingia stoo kwa hatua za kunyata, akachomoa kizibo cha jora la kwanza kwa mkono wa kulia, akakishikilia kwa meno huku akichomoa cha jora la pili, akavibadilisha ndani ya muda usiozidi sekunde kumi…'"

Akaacha kusoma.

Akausogeza ukurasa karibu na miwani.

"Kwa meno?" akauliza Matroni.

Shangazi akakunja uso. "Soma tena hapo."

Akasoma tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nilijitahidi kutazama ukutani, mahali ilipobandikwa karatasi ya namba zote za tinti zetu, nikazisoma moja moja kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo.

"Mimi sikusema vizibo," akasema Shangazi. "Nilisema alibandua stika. Sikujua hata kwamba vizibo vinachomoka."

"Na saa tatu na nusu?" akauliza Matroni.

"Sikusema saa yoyote."

"Jumatatu?"

"Sikusema siku."

"Jumatatu saa tatu na nusu," akasema Fundi polepole, "mimi ndiye niliyekuwa nimekwenda kunywa chai."

Matroni alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya daftari. Hakugeuka kwa haraka. Aligeuka jinsi anavyogeuka wodini anapojua ni kitanda gani kinachocheka chini ya blanketi.

"Barua hii ameiandika nani?"

Shangazi alikuwa ananitazama.

Nilikuwa na majibu matatu. Nilikuwa nayo tayari, yamepangwa, na mojawapo lilikuwa zuri kweli: kwamba mwandishi ana haki ya kubuni. Ningeweza kulisema. Nimeshawahi kuponea kwa jibu bovu kuliko hilo. Lakini nikamwona Fundi. Hakuwa ananitazama kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea njia anayeona taa, naye anaogopa kuamini kwamba ni taa.

"Ni mimi," nikasema.

"Tunajua uliiandika wewe," akasema Shangazi.

"Siyo barua. Vizibo. Nilibadilisha mimi. Leo saa saba nikavirudisha mimi. Fundi hajagusa kitu. Shavu lilikuwa sahihi siku ile na liko sahihi leo." Sauti yangu ilikuwa imepoteza suti yake yote, ilibaki na fulana. "Fundi, hujasahau chochote. Isipokuwa labda ile sabuni, hiyo sijui."

Fundi akakaa chini bila kutafuta kiti. Kwa bahati kiti kilikuwepo. Aliweka kiganja kwenye shavu lake la kushoto, akakiacha hapo.

"Sijasahau," akasema.

"Hujasahau, Fundi."

"Sijasahau," akarudia, safari hii akimwambia Shangazi.

Shangazi alikuwa amesimama. Alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watoto. Kisha akaniacha, akainama juu ya meza, akanyoosha mkono kuichukua ile barua aichane.

Kiganja cha Fundi kikatua juu ya karatasi.

"Iache, mama."

"Fundi, umesikia mwenyewe. Hii ni takataka. Nipe niichane."

"Nimesikia. Siku ile pia wewe ulinisikia. Nilikuambia mara mbili." Hakuinua sauti. "Huyu ni mtoto, amefanya ya mtoto. Lakini stika ya plastiki ulikuwa nayo kwa dakika moja, na mimi ulikuwa nami miaka kumi na moja. Iache. Nimeshasaini."

Shangazi akabaki ameshika pembe moja ya barua, Fundi ameshika nyingine. Hakuna aliyevuta, na hakuna aliyeachia.

Matroni akafungua daftari lake jeusi kwenye ukurasa mpya. Akachagua kalamu nyekundu.

"Kitanda Saba," akasema, "anza upya. Polepole, ili niandike. Jumatatu, saa tatu na nusu. Ulikuwa umesimama wapi?"

Nikaanza. "Nyuma ya mlango wa stoo, Matroni. Nilikuwa nacheka."